Benki ya slaidi za malaria: shajara ya mradi wa chuo

Januari

Mradi umeanza rasmi wiki hii. Mkuu wa chuo ametia saini barua na kutukabidhi chumba kidogo kilichokuwa stoo ya vitabu, pembeni ya maabara ya mazoezi. Humo tutajenga benki ya slaidi za malaria: slaidi za damu halisi, zilizopakwa na kutiwa rangi sawasawa, zikathibitishwa na wasomaji waliobobea, na ziwe za kutosha ili kila mwanafunzi wa maabara azisome kwa jicho lake mwenyewe kabla hajakabidhiwa sampuli ya mgonjwa.

Chuo chetu kipo mkoani Arusha, na shida inaanzia hapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa karibu asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania Bara. Tabora ilivuka asilimia 20. Huku kwetu kaskazini, Arusha, Kilimanjaro na Manyara, kiwango hakifiki hata asilimia 1. Kwa wazazi wa huku hiyo ni neema kubwa. Ila kijana anayesomea stashahada ya maabara anaweza kupita ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 ya NTA (ngazi za kitaifa za tuzo za ufundi), miaka 3 mizima, akaenda mafunzo kwa vitendo hospitali ya wilaya, akarudi, akafanya mtihani, na vimelea alivyoviona kwa macho vikawa vya kwenye picha za kitabu tu. Kisha anapangiwa kazi Kaliua, mkoani Tabora, au Kibondo, mkoani Kigoma. Zamu yake ya kwanza usiku analetewa damu ya mtoto mwenye degedege, na daktari anasubiri majibu mlangoni.

Nimeulizwa na watu wawili watatu kwa nini tuhangaike na hadubini wakati kipimo cha haraka, mRDT, kipo hadi zahanati ya kijijini. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha ya watu wengi na ninakifundisha kwa moyo wote. Lakini kinachotafuta ni protini ya kimelea, HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona. Kipimo hakihesabu. Mgonjwa wa malaria kali aliyechomwa sindano ya dawa ya artesunate, daktari anataka kujua vimelea vinashuka au havishuki, na mstari mwekundu kwenye kipimo hauwezi kumwambia. Tena kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo. Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake mwaka 2016 kwa sababu wagonjwa wenye malaria walikuwa wanaonekana hawana. Mwenye kuweza kusoma BS, yaani slaidi ya damu, vizuri kwa hadubini bado anahitajika sana.

Februari

Wakufunzi wote wa maabara tumekaa kupanga benki iwe na nini. Sehemu kubwa ya kikao ilimezwa na swali moja: slaidi hasi ziwe nyingi kiasi gani? Mwenzetu mmoja alitaka chache, akisema wanafunzi wana kiu ya kuona vimelea, na slaidi tupu watazikuta kila mahali. Mimi nilishikilia upande wa pili na bado ninaushikilia. Slaidi yenye vimelea tele haimfundishi mtu kitu baada ya ile ya tatu. Inayomfundisha ni slaidi isiyo na kitu, kwa sababu hiyo ndiyo inayomdai kazi yote. Shirika la Afya Duniani linataka msomaji apitie viwanja (maeneo yanayoonekana kwenye hadubini kwa mara moja) visivyopungua 100 vya doa nene, yaani tone la damu lisilotandazwa sana, kwa lenzi ya mia kabla hajaandika kwamba hajaona vimelea. Kijana asiyezoea kazi hiyo huchoka kwenye uwanja wa ishirini, akaona punje ya rangi, akaiita pete, umbo la kimelea kichanga. Mtoto anapewa dawa ya malaria, na nimonia au homa ya uti wa mgongo aliyokuja nayo inaendelea kumla.

Tumekubaliana: sehemu kubwa iwe hasi, kisha ziwepo za vimelea vichache sana, za wastani na za wingi. Kati ya aina za vimelea, *Plasmodium falciparum* ndiyo itakayotawala, kwa kuwa ndiyo inayosababisha malaria nyingi nchini. *P. malariae* na *P. ovale* tutazitafuta kwa subira.

Kinachonipa moyo ni hesabu ya damu yenyewe. Doa nene linahitaji mikrolita 6, doa jembamba, lililotandazwa kuwa tabaka moja la seli, 2. Damu iliyobaki kwenye tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda) baada ya mgonjwa kupimwa, hata ikiwa mililita 1, inatoa slaidi zaidi ya mia zinazofanana. Maana yake darasa zima linaweza kusoma mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na slaidi yake, halafu tukabishana juu ya kitu kilekile. Hatuhitaji kumchoma mtu yeyote sindano ya ziada.

Barua za vibali zimeshatumwa: hospitali ya wilaya moja mkoani Kigoma imekubali kutupokea, na kamati ya maadili imetaka sampuli zisiwe na jina, namba ya faili wala kijiji cha mgonjwa. Umri kwa makundi tu, na mwezi. Ni sawa kabisa. Damu hasi tutaichukua hapahapa chuoni, kwa watumishi watakaojitolea.

Machi

Tumerudi kutoka Kigoma. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu mambo mengi ya mradi huu yalipata njia yake pale.

Maabara ile inafanya kazi kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mashariki. Asubuhi foleni inakuwa ndefu, akina mama na watoto mgongoni. Msomaji mkuu wa BS ni mzee aliyeanza kama msaidizi wa maabara miaka mingi iliyopita, na wote pale, hata mganga mfawidhi, wanamwita Mzee. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali la kwanza: "Hao wanafunzi wako, unawapa muda gani kwa slaidi moja?" Nikamwambia dakika kumi. Akatikisa kichwa taratibu, akasema inatosha kama doa limepakwa vizuri, na kama halikupakwa vizuri hata saa nzima haitoshi.

Kwa hiyo tulianzia kwenye kupaka. Mkono wake ndio tuliourekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, ili wanafunzi wauone. Tone linazungushwa kwa kona ya slaidi nyingine mpaka liwe duara la kama milimita 12, lisiwe zito katikati na jepesi pembeni. Likiwa bichi analiweka juu ya gazeti: maandishi lazima yasomeke kwa kupitia damu. Yasiposomeka, doa ni nene mno na litabanduka kwenye maji. Yakisomeka kama vile hakuna kitu juu yake, ni jepesi na vimelea vichache vitakosekana. Gazeti ndilo kipimo chake, na sioni kifaa cha bei kinachoweza kulizidi.

Doa hukaukia mezani, limelala sawasawa, mbali na vumbi na nzi. Tulikataa kulikausha kwa joto. Doa nene halitiwi methanoli hata tone, na hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganya. Doa jembamba linatiwa methanoli ili seli nyekundu zikae zilivyo, tuone kimelea kikiwa ndani ya nyumba yake. Doa nene tunataka kinyume: maji yaliyomo kwenye rangi yapasue seli nyekundu, himoglobini ioshwe, yabaki vimelea na seli nyeupe tu juu ya kioo. Damu ya matabaka mengi imeshuka na kuwa tabaka moja linaloonekana. Methanoli ikimwagikia upande wa doa nene, seli zinashika, na mwisho wake ni wekundu mzito usiopenyeka.

Rangi ni ileile ya Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, aliyeitangaza mwaka 1904. Hospitali kwa wagonjwa wa haraka inatumia asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15. Sisi kwa ajili ya benki tulitumia asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60, polepole, kwa kuwa rangi hiyo hushika vizuri zaidi na haichafui. Ilibidi slaidi zote zitiwe rangi kulekule Kigoma. Doa nene likikaa siku kadhaa bila rangi, hasa kwenye joto, hujishikiza lenyewe na halitaki tena kuosheka. Tungezibeba mbichi mpaka Arusha kwa basi, tungefika na masanduku ya vioo visivyo na faida.

Jambo jingine la kasi: vimelea kwenye tyubu ya EDTA havikai vinakungoja. Saa zikipita vinabadilika umbo, na mwanafunzi atajifunza umbo ambalo halimo mwilini. Kwa hiyo sampuli ikithibitishwa tu, tunapaka mara moja, watu wanne kwenye meza moja: mmoja anaweka matone, mmoja anapaka, mmoja anaandika namba kwa penseli kwenye ncha ya slaidi, mmoja anapanga kwenye trei.

Tulipata falciparum za viwango vyote. Tulipata pia sampuli moja ambayo Mzee aliitazama kwa muda mrefu kwenye doa jembamba, akaniita. Kimelea kilikuwa kimejinyoosha kama mkanda kutoka ukingo mmoja wa seli hadi mwingine, na seli yenyewe haikuvimba. *P. malariae*, imechanganyika na falciparum. Nimekuwa nikiuchora mkanda huo ubaoni tangu nianze kufundisha, na siku ile nilifurahi sana.

Aprili

Mvua. Slaidi zimefika, chache zimevunjika njiani, zilizobaki ni nyingi.

Kazi ya mwezi huu ni maji. Rangi ya Giemsa hutaka maji ya pH 7.2, na sisi tunaishi kwenye ukanda ambao maji yake yanajulikana kwa floraidi na magadi. Kabla ya kutia rangi slaidi hasi tulipima maji ya bomba, ya tangi la mvua na ya chupa, kisha tukatengeneza bafa, yaani maji yenye pH isiyobadilika ovyo, kwa vidonge na maji yaliyochujwa. Nimelifanya hilo liwe zoezi la wanafunzi wa mwaka wa pili: slaidi kutoka damu moja, bafa za pH tofauti, waone wenyewe. Kwenye asidi seli zinakuwa na wekundu wa kung'aa na vimelea vinafifia. Kwenye magadi mengi kila kitu kinakuwa bluu, hata kiini chekundu cha kimelea kinazama humo, na madoa madogo ndani ya seli yanayosaidia kutofautisha aina hayaonekani. Waliliona vizuri zaidi kwa saa mbili kuliko ambavyo ningelieleza kwa wiki.

Slaidi zote sasa zinafunikwa kwa kioo chembamba na gundi ya DPX, ili mafuta ya hadubini yafutike bila kukwangua doa. Unyevu ni adui wa pili: kuvu huota juu ya lenzi na juu ya slaidi pia. Droo zote zina vifuko vya silika, na kabati linakaa mbali na ukuta wa nje.

Mei

Uthibitisho. Wasomaji wawili wenye cheti cha usomaji wa malaria, kila mmoja peke yake, bila kujua mwenzake ameandika nini. Wakitofautiana juu ya uwepo wa vimelea, au juu ya aina, au hesabu zao zikiachana zaidi ya robo, slaidi inakwenda kwa msomaji wa tatu. Isiyopatana hata hapo inaondolewa kwenye benki, hata iwe nzuri namna gani machoni.

Tumeondoa nyingi kuliko nilivyotarajia, na sijuti. Mwanafunzi akikosolewa kwa slaidi ambayo walimu wake wenyewe hawana uhakika nayo, tumemwonea.

Juni

Wiki hii wanafunzi wa mwaka wa tatu wamefanya jaribio la kwanza kabla ya mafunzo. Ni slaidi mchanganyiko, dakika kumi kila moja, hadubini kila mtu na yake. Umeme ulikatika katikati, tukahamia zile zenye taa ya betri.

Matokeo yalikuwa kama nilivyohofia. Slaidi za vimelea vingi karibu wote walipata. Za vimelea vichache wengi waliandika hasi, kwa kuwa waliacha mapema. Na zaidi ya nusu walitoa chanya kwenye angalau slaidi moja hasi. Tulipozirudia pamoja, kila mtu akanionyesha alichokiona. Mara nyingi kilikuwa chembe sahani, ile inayosaidia damu kuganda, iliyolala juu ya seli nyekundu, yenye mwanga kidogo kuizunguka. Kwingine ilikuwa punje ya rangi isiyochujwa.

Binti mmoja, msikivu na mwenye mkono mzuri wa kupaka, alibaki nyuma baada ya wenzake kutoka. "Mwalimu, nilipitisha viwanja vyote mia, sikuona. Lakini nikiandika sijaona, si nitaonekana sijui kusoma?" Nilikaa naye. Nilimwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi kabla hajalifuta na kuandika jingine, na kwamba katika chumba kile hakuna atakayepoteza alama kwa kuandika alichokiona na kuacha asichokiona. Nimeliandika hilo pia kwenye mwongozo wa mradi, ukurasa wa kwanza: hasi iliyofanyiwa kazi ina alama sawa na chanya. Wakufunzi wote wameafiki.

Tangu siku ile tumebadili mpangilio wa vipindi. Kila kipindi kinaanza na slaidi hasi, na mwanafunzi anaeleza kwa sauti kila kitu kinachofanana na kimelea na kwa nini siyo. Kimelea kina rangi mbili, kiini chekundu na utomvu wa bluu. Kisipokuwa navyo vyote viwili, hukiiti kimelea. Baada ya hapo ndipo tunafungua droo nyingine.

Julai

Mwezi wa kuhesabu. Wanahesabu vimelea huku wakihesabu seli nyeupe kwa kidude cha mkononi, hadi seli nyeupe 200. Vimelea vikiwa 100 au zaidi, unaishia hapo. Vikiwa pungufu, endelea hadi seli nyeupe 500. Kisha unazidisha kwa 8,000, kiwango kinachokadiriwa cha seli nyeupe katika mikrolita moja ya damu, na kugawa kwa idadi ya seli nyeupe ulizohesabu. Vimelea 120 kwa seli 200 ni 4,800 kwa mikrolita. Vimelea 36 kwa seli 500 ni 576.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Ugumu upo kwenye uvumilivu, na kwenye kuutembeza uwanja bila kurudi ulikotoka. Tumewafundisha njia ya Mzee: unaanza pembeni, unakwenda mstari mmoja hadi mwisho, unashuka kidogo, unarudi. Wanafunzi waliokuwa na hesabu zinazorukaruka wametulia kwa njia hiyo tu.

Nimetaka pia wajue kwa nini alama za kujumlisha, moja hadi nne, zinazokadiria wingi wa vimelea bila kuvihesabu, hazitoshi kwa mgonjwa mahututi. Jumlisha nne leo na jumlisha nne kesho zinaweza kuficha vimelea vilivyopungua nusu, na daktari akadhani dawa imeshindwa.

Septemba

Jaribio la pili limefanyika kabla ya wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo. Tulitumia vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya kupima wasomaji. Daraja la kwanza ni kupata asilimia 90 au zaidi katika kugundua uwepo wa vimelea, asilimia 90 au zaidi katika kutaja aina, na angalau nusu ya hesabu zisiachane na hesabu iliyothibitishwa kwa zaidi ya robo. Ni vigezo vya watu walioko kazini kwa miaka. Wanafunzi wetu wachache wamefikia daraja la kwanza upande wa kugundua, na wengi wamefika la pili. Chanya za uongo zimepungua sana, na hilo ndilo nililolitaka kuliko yote. Kwenye kutaja aina bado tupo chini, kwa kuwa malariae tunazo chache na ovale hatuna hata moja. Huwezi kumdai mtu akitambue kitu ambacho hujamwonyesha.

Yule binti wa Juni ameandika "vimelea havijaonekana katika viwanja 100" kwenye slaidi zote hasi alizopewa, kwa mwandiko ulionyooka, bila kufuta.

Yaliyobaki kabla mwaka huu wa masomo haujaisha: kupeleka sehemu ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi ikapimwe kwa PCR, kipimo cha vinasaba, ili aina za vimelea zilizomo kwenye benki zithibitishwe kwa njia ya pili. Kurudi Kigoma msimu wa mvua kutafuta ovale, na safari hii kwenda na wanafunzi wawili wapake kwa mkono wao chini ya macho ya Mzee kabla hajastaafu. Kuwaandalia vyuo vingine viwili vya kanda ya kaskazini seti ndogo za nakala, kwa kuwa wenzetu wana shida ileile. Na kufungua droo ya kwanza ya slaidi za makohozi za kifua kikuu zilizotiwa rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, tukianza na zile zenye bakteria 1 hadi 9 katika viwanja 100, ambazo msomaji mwenye haraka huzipita.